Bata wa Kaki Walimwita Nani

Mwaka wa 1990, kiangazi kikielekea ukingoni na mvua za masika zikiwa bado hazijaanza, nilikuwa na umri wa miaka thelathini na tatu, nikafiwa na mume wangu. Ilikuwa Jumanne, tarehe 6 Februari. Mtanisamehe nikizitaja tarehe. Wanaonijua wanajua kwamba sipendi jambo la kweli lisimuliwe kwa kusema "siku moja hivi". Majina, hata hivyo, sitayataja. Baadhi ya nitakaowasema wamekwisha kutangulia mbele ya haki, na wengine wana wajukuu ambao pengine wameketi humu ukumbini wananitazama.

Ndugu zangu wajane wenzangu, Waislamu na ninyi dada zetu mliotoka Kongo, nawaambia kwamba mimi sikuangushwa na umaskini. Niliangushwa na kelele za bata.

Mume wangu alikuwa fundi wa magari Kisenyi. Mteja wake mmoja, Mkenya, alimletea vifaranga wa bata ndani ya sanduku la katoni, akamwambia ni bata wa mayai, si wa nyama. Wataalamu huwaita Khaki Campbell. Sisi tuliwaita bata wa kaki, kwa kuwa rangi yao ni ile ile ya sare. Watu wa mtaa wetu wa Kibuli hawakuwa wamewaona bata wa namna hiyo. Bata tuliowazoea sote ni wale wakubwa wenye nyama nyekundu usoni, wanaolalia mayai yao hadi yaanguliwe, na ambao hawana sauti. Wakikasirika sana hutoa pumzi tu, kama tairi linalovuja. Hawa wa kaki walikuwa kinyume chao kwa kila jambo. Walitaga karibu kila siku, alfajiri, na hawakutaka kuyalalia mayai hata kidogo. Ilinibidi niyaweke chini ya kuku. Na majike wao walikuwa na sauti. Jike mmoja akianza, wote huitikia, na mtaa mzima husikia.

Mume wangu aliwapenda kupita kiasi. Kila alfajiri, kabla ya adhana, alitoka na birika lake la bati kutawadha. Bomba la maji lilikuwa upande wa pili wa ua wa mabati, kwa kaka yake mkubwa, shemeji yangu, kwa maana tuliishi katika kiwanja kimoja cha baba yao. Alitawadha pale bombani, akarudi, akamimina maji yaliyobaki ndani ya karai la bata, akawachanganyia pumba za mahindi. Walipiga kelele kidogo, wakapata chakula chao, wakanyamaza. Hakuna aliyewajali.

Sasa niwaelezee dada zetu wasio Waislamu. Kwetu mume akifa, mke hukaa eda: miezi minne na siku kumi. Hatoki nyumbani pasipo dharura, hajipambi, hazungumziwi mambo ya ndoa. Si kifungo, ni heshima anayopewa marehemu. Lakini heshima hiyo huifanya nyumba yako itazamwe. Kila anayepita huangalia mlangoni mwako aone nani anaingia.

Siku ya hitma, shemeji aligawa vitu vya marehemu. Koti lilikwenda kwa mjomba, redio ikaenda kwa binamu. Yeye mwenyewe alichukua birika, akasema, "Hili nitatawadhia, nimkumbuke ndugu yangu." Sikuona ubaya. Mimi nilibaki na watoto wangu watatu, na bata, na mama mkwe, ambaye alihamia kwangu ili nisikae peke yangu. Watoto walimwita Haboba, kama sisi Wanubi tunavyomwita bibi.

Wiki haikuisha bata wakaanza.

Kabla ya adhana, wakati ambapo hata boda boda hazijaamka, walilia kwa pamoja kana kwamba banda linavunjwa. Walilia kwa muda mrefu, kisha wakanyamaza wenyewe. Kesho yake tena. Mimi nilikuwa ndani, sikuwa na ruhusa ya moyo wangu kutoka gizani, na chakula chao sasa niliwapa jua likishachomoza. Nilidhani ni mwizi wa mayai. Asubuhi niliyatafuta mayai. Yote yalikuwepo, meupe, mengine yakielekea kijani kidogo. Mwizi gani huyu anayekuja kila siku asichukue kitu?

Swali hilo sikuliuliza mimi peke yangu.

Jirani yangu mmoja, Muganda, muuza chapati, ndiye aliyekuwa akinunua mayai yangu. Asubuhi moja alikuja kuyachukua, akasimama mlangoni asiingie.

"Nnyabo," aliniambia, kama Waganda wanavyomwita mwanamke kwa heshima, "hao bata yako wanalia sana. Bata hapana lia bila mtu kupita."

"Huenda ni paka."

"Paka wa kila siku, saa ile ile?" Akacheka, lakini macho yake yalikuwa nyuma yangu, yakikagua chumba. "Huyo paka ana saa ya mkononi."

Nilifunga mlango. Nilijua basi kwamba neno limekwisha kutoka.

Kwa kuwa bata walikuwa wa kaki, haikuwa kazi kubwa watu kutunga yaliyobaki. Vita vilikuwa vimekwisha miaka minne tu nyuma, na mtu mwenye sare alikuwa bado ni mtu wa kunong'onezwa. Walisema ni askari, anatoka kambi ya Mbuya, anapita kwa mjane kabla hajaenda kazini. Vijana waliopita nje ya ua wangu waliuliza kwa sauti, ili nisikie: "Bata askari wamepiga saluti leo?" Na mwingine akajibu, "Wamepiga. Afande katoka sasa hivi."

Ramadhani ilipoandama, mwishoni mwa Machi, bata walianza kulia mapema zaidi, wakati wa daku. Hilo liliwakasirisha watu kuliko yote. "Hata mwezi mtukufu afande hapumziki!" Wanawake waliokuwa wakinijia na futari waliacha. Sahani zangu walizirudisha kwa mkono wa mtoto.

Mimi nami nilishuku kila mtu. Nilimshuku muuza chapati kwamba anatuma mtu awachokoze bata ili niaibike na kumwachia mayai kwa bei yake. Nilimwaga majivu langoni nipate nyayo. Nikapata za paka na za bata. Nilimshuku shemeji, kwa sababu kiwanja kile kilikuwa kidogo na watoto wake walikuwa wengi. Na nilimshuku Haboba. Mara mbili nilimwona uani akizungumza na mwanawe kwa sauti ya chini, na nilipokaribia wakanyamaza. Tena alianza kulala sebuleni, juu ya mkeka, mgongo wake ukiwa umeegemea mlango wa kutokea nje. Nilipomuuliza, alisema chumbani kuna joto. Joto, katikati ya masika! Nilimshukuru kwa mdomo, lakini moyoni nilijiuliza: mama huyu ananilinda au ananilinda nisitoroke?

Mwanzoni mwa Mei shemeji alikuja, akasimama nje ya pazia kama sheria inavyotaka. Hakuinua sauti. Afadhali angeiinua.

"Shemeji," alisema, "kila ninapoamka kumwomba Mungu, nasikia bata wako wakimlilia mtu anayetoka kwako. Nimevumilia kwa ajili ya ndugu yangu. Ukimaliza eda utarudi kwenu Bombo. Watoto watabaki. Hawa ni watoto wa nyumba hii."

"Umemwona mtu huyo?"

"Ninyi hamwonekani. Mnasikika."

"Basi nipeleke mbele ya watu," nilimwambia. "Usinihukumu kupitia pazia."

Alijibu kwamba atanipeleka barazani, na akaondoka. Ndugu zangu, mimi si mtu wa kulia mbele ya mtu. Nilingoja nyayo zake zipotee, ndipo nilipokaa chini. Mtoto wangu mdogo alikuwa akinitazama na kipande cha chapati mkononi, ameacha kutafuna. Ndiye yule waliyetaka kuninyang'anya.

Wiki hiyo mabomba ya mtaa mzima yalikauka, kama yalivyozoea kukauka siku zile. Watu walipanga madumu chemchemini, na wanaume walikwenda kutawadhia msikitini. Na bata wangu wakanyamaza. Alfajiri ikapita kimya, na iliyofuata, na iliyofuata. Mnadhani nilipumua? Kimya kile kilinihukumu zaidi ya kelele. "Afande amehamishwa," walisema vijana. Maji yalipofunguliwa tena bata wakalia, na vijana wakasema, "Amerudi kutoka likizo."

Nilitaka kuwachinja wote. Kisu nilikinoa. Haboba alinishika mkono, akasema, "Ukiwachinja kabla ya baraza, watasema umewaua mashahidi." Nikakirudisha kisu. Lakini nilimtazama sana usoni, nikijaribu kuona kama ni msaada au ni mtego.

Jambo lilipinduka mchana wa Ijumaa, tarehe 25 Mei. Shemeji alikuwa na wageni baada ya sala. Mimi na Haboba tulikuwa dirishani tukichambua mchele, na bata walikuwa uani wakichokoa matope, wametulia kabisa. Upande wa pili wa mabati chakula kilikuwa tayari, na kama ilivyo desturi, mwenye nyumba akapita kwa wageni na birika na beseni, kuwamiminia maji ya kunawa mikono. Kifuniko cha birika lile kilikuwa kimefungwa kwa waya, kwa kuwa bawaba yake ilivunjika zamani. Kila lilipoinamishwa, kililia kwanza, kisha maji yakafuata.

Kililia.

Bata waliinua shingo wote kwa pamoja. Wakapaza sauti ile ile ya alfajiri, wakatimua mbio hadi kwenye ua wa mabati, wakapanga mstari pale, wakilia na kunyoosha vichwa. Jua lilikuwa linawaka. Uwanja ulikuwa mtupu. Hapakuwa na askari, wala mwizi, wala paka.

Ungo wa mchele ulimwangukia Haboba miguuni. "Hilo ni birika la mwanangu," alisema.

Ndipo nilipoelewa. Shemeji alitawadha kila alfajiri kwa birika la ndugu yake, bombani pale pale, wakati ule ule. Mwezi wa Ramadhani aliamka mapema, bata nao wakaamka mapema. Bomba lilipokauka alikwenda msikitini, birika likabaki ndani, bata wakalala. Mtu aliyenishtaki kwa kelele za alfajiri ndiye aliyekuwa akiziamsha, akijiandaa kusali!

Nilisimama nimwite hapo hapo mbele ya wageni wake. Haboba alinivuta nguo.

"Kaa. Ukimwambia leo, kesho birika litapotea, nawe utabaki na hadithi. Mwache alete watu."

Nilimwuliza swali lililokuwa likinikera tangu Machi: "Na wewe, Haboba, uko upande gani?"

Hakukasirika. Alisema, "Nililala mlangoni pako ili nijue mwenyewe. Yule ni mwanangu na wewe ni mke wa mwanangu; sikumwamini yeye na sikukuamini wewe. Sasa najua. Hakuna aliyeingia wala aliyetoka, maana angenikanyaga."

Kabla sijafika siku ya mwisho nitoe shukrani zangu hapa, kwa kuwa nikishaifikia sitapenda kuongeza neno. Namshukuru Mungu aliyenipa mama mkwe mshuku. Msicheke, nasema kweli. Mtaa mzima ulinishuku ukiwa umelala kitandani, lakini yeye alinishuku akaja na mkeka wake kulala mlangoni, mifupa yake ya uzee juu ya sakafu ya saruji. Namshukuru pia yule muuza chapati, ambaye baadaye alikuja kuniomba radhi akiwa amebeba unga, na tukauziana mayai hadi alipohamia kwa binti yake. Na ninyi mliomo humu ambao leo mnamshuku mtu, mume, jirani, mweka hazina wetu, siwaambii muache. Mimi mwenyewe sijaacha. Ninachowaambia ni hiki: ukishuku, inuka uende ukaangalie kwa macho yako, na mpaka hapo ufunge mdomo. Walioninyima futari hawakuwahi hata mmoja wao kuja kuangalia banda.

Sasa siku yenyewe.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 3 Juni 1990. Kwa kuwa mjane wa eda hatoki, baraza la mtaa, ambalo siku zile tuliliita RC, lililazimika kuja kuketi uani kwangu. Walikuja mwenyekiti, karani, wazee wawili wa msikiti na majirani wasioitwa. Mimi nilikaa ndani ya mlango, nyuma ya pazia. Bata nilikuwa nimewafungia bandani.

Shemeji alisema maneno yake vizuri, kwa huzuni, kama mtu anayeumia. Nadhani aliumia kweli. Mwenyekiti, Muganda mnene mwenye subira, akaniuliza, "Nnyabo, wewe nasema nini?"

"Ninaomba aseme kwanza mama wa nyumba hii," nilijibu.

Haboba alisema kwamba alilala mlangoni tangu mwezi wa tatu na hakukanyagwa. Watu wakanung'unika. Mmoja akasema mtu mzima akilala hasikii. Haboba alimgeukia mwanawe.

"Wageni wamekaa muda mrefu, na nimepika. Mwanangu, nenda kalete birika la ndugu yako, uwanawishe wazee mikono."

Shemeji alisita. "Mama, shauri bado."

"Shauri halitakimbia. Wazee wana njaa."

"Mama anasema ukweli," alisema mwenyekiti kwa haraka, kwa maana harufu ya nyama ilikuwa imemfikia.

Mtoto hamkatalii mama yake mbele ya wazee. Shemeji alikwenda upande wake, akarudi na birika na beseni, akainama mbele ya mzee wa kwanza. Kifuniko kililia. Maji yakaanguka.

Banda lililipuka. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba karani aliruka kutoka kwenye benchi. Shemeji aliinua birika, akalishika wima, kelele zikapungua. Mzee alikuwa bado na sabuni mikononi, akasema, "Mimina, bwana." Akamimina. Wakalia tena.

Kisha mwenyekiti akainuka, akaenda kuchungulia nyuma ya banda, akarudi.

"Sasa mchana huu," aliuliza, "afande ametokea wapi?"

Kijana mmoja alianza kucheka, akajizuia. Haboba alinyanyuka taratibu, akaenda kufungua mlango wa banda.

Walitoka wote mbio, wakapita kati ya miguu ya watu, wakapita karibu na sufuria ya chakula bila kuitazama, wakaenda moja kwa moja kwa shemeji. Wakamzunguka. Mara wakanyamaza. Walisimama pale wameinua vichwa, wakimtazama mkononi, kama walivyokuwa wakimtazama mume wangu kila alfajiri akirudi na maji.

"Wanakudhani ni yeye," Haboba alimwambia. "Kila siku wanamsikia anatawadha, na kila siku haji kuwapa chakula. Huyo ndiye mwanamume wanayemlilia."

Kupitia upenyo wa pazia nilimwona shemeji akilitazama birika. Aliinama, akalimimina lote karaini, hadi tone la mwisho, na wale bata wakatia vichwa majini. Aliendelea kuinama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mzee mwenye sabuni alijifuta kwa leso yake mwenyewe.

Karani aliandika uamuzi: kwamba hapakuwa na mtu, kwamba eda yangu ni safi, kwamba nyumba ni yangu na watoto wangu wanakaa na mama yao. Wakati huo sikujua kusoma. Darasani niliingia baadaye, na sababu mojawapo ni karatasi ile. Kwa hiyo nilimwambia asome. Alisoma. Nikamwambia asome tena, na Haboba akafuata kidole chake mstari kwa mstari ingawa naye hakujua herufi hata moja. Tuliporidhika nilitoa mkono nje ya pazia, nikaweka dole gumba.

Mwenyekiti aligonga mhuri. Shemeji alikuja, akaliweka birika kizingitini pangu, akasema, "Lako, shemeji." Nilinyoosha mkono nikalivuta ndani, na kifuniko kikalia, na huko uani bata wote wakaniitikia.